Mvuke wa Bafuni Utoke Nje

Je, umeona madoa meusi kwenye dari ya bafu lako? Usiyapake chokaa na kuyasahau. Huo ni ukungu, kiumbe hai kiotacho palipo na unyevu. Vumbi lake likivutwa puani huleta kikohozi, na mtoto mwenye pumu huweza kubanwa kifua usiku.

Unyevu huo unatoka wapi? Maji ya moto hutoa mvuke. Mvuke ukigusa kitu baridi hugeuka maji tena, kama jasho la kifuniko cha sufuria. Hapa Buluo, usiku wa mwezi wa 6 na wa 7, mabati huwa baridi sana. Tena toka mwezi wa 11 hata wa 3 mvua ni nyingi, na kuta hazikauki upesi.

Wengine wametia feni ya kutoa hewa. Ni vema. Lakini panda ngazi utazame: bomba lake linaishia wapi? Likiishia juu ya dari, mvuke haukutoka nyumbani, umehamishwa tu. Utageuka maji chini ya mabati, mbao zitaoza na misumari itashika kutu.

Basi fanya hivi:

1. Bomba lipite ukutani au paani mpaka nje kabisa.
2. Liwe fupi na la kunyooka. Likipita ukutani, liinamie nje kidogo, maji yasirudi ndani.
3. Chini ya mlango acha nafasi ya kidole, hewa ipate kuingia.
4. Ukiisha kuoga, feni iendelee dakika 20.

Umeme ukikatika, au kama huna feni, fungua dirisha mpaka kuta zikauke. Lakini usikaushe bafu kwa mbabula, wala usiiingize ndani ili kuota moto. Makala hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua mtu amelala.

Madoa yaliyopo yasugue kwa maji na sabuni, kisha ukaushe. Dari iliyooza itolewe.

Soma Walawi 14. Kuhani aliikagua nyumba yenye madoa, mawe mabaya yakatolewa, kuta zikakwanguliwa. Hawakuficha ubaya kwa kuupaka udongo juu. Nasi tusiufiche. Mungu ametupa hewa safi bila bei. Tuifungulie njia, watoto wetu wapumue vema.