Sura ya Kwanza: Taaluma ya Wanawake na Suala la Ushahidi

Kila elimu ambayo wanadamu wameikusanya imesimama juu ya ushahidi: mwanahistoria huuliza ni nani aliyeshuhudia, mwanauchumi huuliza ni kitu gani kilichohesabiwa, na kadhi huuliza maneno ya nani yamekubaliwa na kwa hoja ipi, kwa hiyo elimu yoyote ile haiwezi kuwa bora kuliko mashahidi wake. Taaluma ya wanawake, ambayo sura hii yamkaribisha msomaji aijue, ilianza pale wasomi walipoitazama orodha ya mashahidi wa elimu zao wakabaini kwamba nusu ya wanadamu ama haikuitwa kabisa, ama iliitwa ikasemewa na wengine. Wako wadhanio kuwa haja yake ni kuwasifu wanawake na kuwashutumu wanaume, na dhana hiyo imewazuia wengi mlangoni. Lakini haja yake hasa ni kuchunguza, kwa adabu na kwa uthabiti, ni nini kibadilikacho katika yale tunayodai kuyajua pindi shahidi huyo apewapo nafasi ya kunena.

Masuala yenyewe ni ya kale kuliko idara za vyuo vikuu. Mwaka 1792 Mary Wollstonecraft wa Uingereza aliandika kitabu akidai kwamba upungufu uliosemekana kuwamo katika akili za wanawake ulitokana na kunyimwa elimu, wala haukuwa wa maumbile. Na mwaka 1949 Simone de Beauvoir wa Ufaransa akaeleza kwa marefu na mapana jinsi jamii inavyomfinyanga mwanamke tangu utotoni. Hapo ndipo ulipo msingi wa taaluma hii, yaani kutenga yaliyo ya maumbile na yaliyo ya ada. Kubeba mimba ni jambo la maumbile. Lakini ni nani arithiye shamba, ni nani apelekwaye shule karo iwapo haba, na ni nani asikizwaye barazani, hayo ni mambo ya ada, na ada ina mwanzo wake, ina sababu zake, na yaweza kubadilika. Basi yaweza pia kuchunguzwa. Mwaka 1970 chuo cha San Diego, Marekani, kilianzisha programu ambayo aghalabu hutajwa kuwa ya kwanza. Na barani Afrika wanawake watafiti walikutana Dakar mwaka 1977 wakaunda chama chao, na Chuo Kikuu cha Makerere kikafungua idara ya taaluma hii mwaka 1991.

Ili manufaa yake yawe bayana, natuitazame taarikh ya uhuru wa Tanganyika. Vitabu vingi vilizoea kuanza na tarehe 7 Julai 1954, chama cha TANU kilipoasisiwa, kisha vikaendelea na majina ya wanaume waliosoma, walioandika katiba ya chama na kwenda New York kutoa hoja mbele ya Umoja wa Mataifa. Na hayo yote ni kweli. Lakini Susan Geiger, mwanahistoria wa Kimarekani, alipokaa katika miaka ya 1980 na wanawake waliokuwa wanachama wa TANU, akasikiliza habari za maisha yao kwa vinywa vyao, kazi iliyotoka kuwa kitabu mwaka 1997, alikuta habari ambayo nyaraka hazikuihifadhi. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba mjini Dar es Salaam, ambaye elimu yake haikuvuka shule ya msingi, alipokabidhiwa mwaka 1955 uongozi wa sehemu ya wanawake, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, na wao wakawaita watu wao. Vikundi hivyo vilikuwa vimekwisha kuwakutanisha wanawake wa makabila mbalimbali, waliosema Kiswahili, waliochanga fedha na kufaana katika harusi na misiba. Alhasili, Geiger akahitimisha kwamba wanawake hao hawakuupokea utaifa kutoka kwa wasomi kama mwanafunzi apokeavyo somo. Walikuwa wakiuishi, na chama kiliupata kwao ukiwa tayari. Zingatia, msomaji, kwamba hapa hatukuongezewa jina la mwanamke mmoja katika orodha ya mashujaa tu. Jibu la suala kubwa, utaifa ulitoka wapi, limebadilika.

Katika uchumi mambo ni vivyo hivyo. Ester Boserup, mwanauchumi wa Denmark, alionyesha mwaka 1970 kwamba katika sehemu nyingi za Afrika zilimwazo kwa jembe la mkono wanawake ndio waliokuwa wakulima wakuu wa chakula, ilhali mabwana shamba wa serikali za kikoloni waliwafundisha wanaume mazao ya biashara na maarifa mapya. Kadhalika maji yachotwayo, kuni zikatwazo na wagonjwa wauguzwao nyumbani bila ujira havikuingia katika hesabu ya pato la taifa. Na serikali isiyoiona kazi haiwezi kuipunguzia uzito wake.

Hata hivyo, mwanafunzi mpya asidhani kwamba wanawake wote ni shahidi mmoja. Sarah Mirza na Margaret Strobel walichapisha mwaka 1989 simulizi za maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, miongoni mwao mmoja wa ukoo wa waungwana na mmoja wa uzao wa watumwa. Na azisomaye ataona kwamba mji ule ule, dini ile ile na lugha ile ile viliwapa maisha yasiyolingana, maana nasaba na mali vilikuwa na neno lake kando ya jinsia. Fauka ya hayo, Oyeronke Oyewumi wa Nigeria alidai mwaka 1997 kwamba kwa Wayoruba wa kabla ya ukoloni ukubwa wa umri ndio uliopanga daraja za watu, na kwamba wageni waliuona uume na uke kuwa ndiyo mizani kwa sababu huko kwao ndivyo ilivyokuwa. Wako waliompinga kwa dalili zao, na mjadala huo ni afya ya taaluma, kwa kuwa unamkumbusha mtafiti kwamba hata suala alilokuja nalo lahitaji kuchunguzwa.

Na kwa kuwa kumbukumbu ya mtu huchujuka na hupambwa, simulizi nazo hupimwa kwa nyaraka, kwa simulizi nyingine na kwa mazingira zilimotolewa. Kumwita shahidi hakumaanishi kumwamini bila kumhoji, bali ni kumpa heshima ile ile ya kuhojiwa wapewayo wengine. Mwenye kutaka kuianza taaluma hii, awe mwanamume au mwanamke, na achukue kitabu chochote cha elimu aipendayo, aulize ni nani aliyeshuhudia humo, ni kazi ya nani iliyohesabiwa, na ni ada gani iliyovishwa joho la maumbile. Kwa masuala hayo matatu tutaiendea sura ifuatayo, inayohusu kazi za nyumbani na za shambani.