Shaba inapika Cognac, lutuku yetu inapikwa mu pipa la mafuta

Kila siku makamyo yanapita Kasumbalesa na shaba yetu. Sisi watumikaji tunajua inaenda kufanya nyaya za umeme na moteri. Lakini kuna kazi ingine ambayo wengi kati yetu hawaijue: bila shaba, Wafaransa hawapate ile pombe kali ya Cognac wanayouza bei juu dunia muzima. Tunapenda kuieleza leo, juu iko na somo kwetu tunaochimba, na kwa bamama wanaopika lutuku mu ma-quartier yetu.

Tuanze ku shamba. Mu Ufaransa kila jimbo liko na zabibu zake. Ku Bordeaux wanalima sana Merlot na Cabernet-Sauvignon kwa divai nyekundu. Ku Charente, kwenye muji wa Cognac, wanalima zaidi Ugni blanc, zabibu nyeupe yenye uchachu. Divai yake ni nyepesi, na mutu hawezi kuisifu sana ku meza. Nguvu yake inaonekana kisha kuipika.

Miaka ya 1870 ikielekea kuisha, ugonjwa wa majani unaoitwa mildiu ulifika toka Amerika na kuharibu mizabibu. Mu 1882, mwalimu Alexis Millardet wa Bordeaux alitembea mu Médoc, akaona ajabu: mizabibu ya kando ya barabara ilikuwa na majani mazima, ile ya mbali na barabara ilikuwa imeharibika. Aliuliza wenye shamba. Wakamujibu: tunamwangia ile ya barabarani sulfati ya shaba na chokaa, ili wapita-njia waone ile rangi mbaya, waogope kuiba. Kumbe wezi waliogopa rangi, na ugonjwa uliogopa shaba. Mu 1885 Millardet alitangaza ile dawa. Inaitwa « bouillie bordelaise », na mpaka leo inatumika.

Lakini shaba ikiingia mu udongo haitoke. Ndiyo maana Ulaya imeweka mupaka: mulimaji asipitishe kilo 28 za shaba ku hektari moja mu miaka 7. Wandugu wanaoishi karibu na ma-izini wanaelewa mbio: kintu kinachoponya, kikizidi kinakuwa sumu. Kule mulimaji anapimiwa kilo. Na sisi tuko na haki ya kuuliza nani anapima udongo na maji ya kwetu.

Sasa tuingie mu jiko. Pombe ya Cognac inapikwa mara mbili mu alambiki ya shaba, sheria yao inaamuru vile. Mara ya kwanza inatoka na nguvu ya degré 30 hivi, mara ya pili karibu 70. Ili kupata litre moja, inaomba karibu litre 9 za divai. Fundi anagawanya inayotoka: kichwa, moyo, mukia. Kichwa kinatoka wa kwanza, kinachoma pua, anakitosha. Moyo ndiyo anaochunga. Mukia nao anautenga. Kazi yote inapaswa kuisha tarehe 31 mwezi wa tatu. Kisha, pombe inalala mu mapipa ya miti ya chêne, miaka 2 kwa uchache, mbele ya kuitwa Cognac. Ile inayopotea mu hewa wanaiita fungu la bamalaika.

Juu ya nini shaba, hapana chuma? Kwanza inapitisha moto muzuri, pombe haiungue chini. Pili inakubali nyundo, fundi anaikunja vile anataka. Tatu, inakamata ile sulfure yenye harufu mbaya inayotoka mu divai. Chuma hakiwezi ile kazi.

Turudie kwetu. Wakati wa ukoloni, Mwafrika alikatazwa pombe kali. Lutuku ikapikwa mu kificho, na mpaka leo haijatoka muzima mu kile kificho. Mama anachachisha mahindi ao muhogo, anapika mu pipa lililokuwa la mafuta, muvuke unapita mu tiyo, unapoa mu maji. Akili ni ile ile ya Cognac. Kinachokosa ni vyombo na mutu wa kumusikiliza. Na ile lutuku ndiyo inalipa masomo ya batoto wengi siku salere imechelewa.

Kwa hiyo tunasema wazi. Bamama, kichwa kitupwe, hata kama ni hasara ya glasi chache. Pipa lililobeba dawa za izini lisiguse chakula wala pombe. Tiyo isiunganishwe na risasi, ile plomb, juu inaingia mu damu. Na wale wanaoongeza alkoli ya izini, metanoli, ili pombe iwe kali, wanaua batu: harufu yake inafanana na ya pombe ya kawaida, lakini inapofusha macho. Mutu akikunywa na macho yakaanza kuona giza, akimbizwe hospitali saa ile ile, asiachwe alale. Kwa wandugu: anayeshuka mu shimo na pombe mu kichwa anahatarisha ekipe nzima. Hapo sendika haimutetee.

Kwa wakubwa tuna neno moja. Babu zetu waliyeyusha shaba na kutengeneza misalaba iliyokuwa franga, wazungu hawajafika. Leo mafundi wa Lubumbashi wanapiga picha nzuri ku mabamba ya shaba, wanauzia wageni. Mikono ile inaweza kufunza kupiga alambiki ndogo, yenye kusafishwa vizuri, kwa chama cha bamama wenye kuandikwa na kupimiwa pombe yao. Kuwafunga na kumwanga pombe yao kumejaribiwa tangu zamani, na lutuku ingali ku soko.

Tunachimba chuma kinachofanya pombe ya wengine kuwa safi. Kipande kidogo kibakie hapa, kisafishe na ya kwetu.