Kalori za Mapumziko si Kalori za Siku Nzima

Mama mmoja mwenye umri wa miaka 45, mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili, aliletwa kliniki na bintiye baada ya kuanguka jikoni huku akitetemeka na kutokwa na jasho jembamba. Sukari yake ilikuwa imeshuka mno. Alikuwa akimeza glibenklamidi kila siku kama alivyoandikiwa. Hata hivyo, wiki tatu kabla ya siku hiyo alikuwa amepimwa kwenye mizani ya kisasa, akapewa kikaratasi chenye maneno “kalori za mapumziko” na namba 1,394. Akaelewa kwamba hicho ndicho kiwango cha juu cha chakula anachoruhusiwa kwa siku, na kwa kuwa alitaka kupungua, akajipangia 900. Dawa ilibaki vilevile. Hakuna aliyemweleza namba ile ilipima nini, na sidhani kwamba aliyempima alikuwa akijua.

Umetaboli wa mapumziko ni nishati ambayo mwili huitumia ili kuendelea kuwa hai mtu akiwa amelala chali, yu macho, ametulia, hajala tangu usiku, na chumba si cha baridi wala cha joto kali. Katika hali hiyo moyo unadunda, figo zinachuja damu, ini linafanya kazi zake nyingi, na ubongo peke yake unachukua takriban sehemu moja ya tano ya nishati yote. Misuli iliyopumzika hutumia kidogo kuliko wengi wanavyodhani: kilo moja yake hutumia takriban kilokalori 13 kwa siku, ilhali kilo moja ya moyo au ya figo hutumia zaidi ya 400. (Kile tunachokiita “kalori” katika mazungumzo na kwenye pakiti za vyakula, kitaalamu ni kilokalori.) Kwa hiyo anayeahidiwa kwamba akijenga misuli mwili wake utaunguza mafuta usingizini anaahidiwa makubwa. Kilo mbili za misuli mipya huongeza kilokalori 26 kwa siku, ambazo hazifikii nusu ya andazi.

Siku nzima ni jambo jingine. Kwa mtu anayeshinda ameketi, mapumziko huchukua kati ya asilimia 60 na 70 ya nishati yote anayotumia. Kusaga na kufyonza chakula huchukua takriban asilimia 10. Kinachobaki ni mwendo, nao si mazoezi tu: ni kufagia, kuchota maji, kusimama ndani ya daladala, kubeba mtoto mgongoni. Watu wawili wenye umri, kimo na uzito uleule hutofautiana zaidi hapo kuliko penginepo.

Tuikokotoe namba ya mama yule. Kanuni ya Mifflin na wenzake, iliyochapishwa mwaka 1990, huzidisha uzito wa kilo kwa 10, kimo cha sentimita kwa 6.25, na umri kwa 5. Hujumlisha viwili vya kwanza na kutoa cha tatu. Kisha kwa mwanamke hutolewa 161, na kwa mwanamume huongezwa 5. Alikuwa na kilo 78 na kimo cha sentimita 160: 780 na 1,000, kutoa 225, kutoa 161, jibu ni 1,394. Ili kupata jumla ya siku, tunazidisha jibu hilo kwa kipimo cha shughuli. Kwa asiyetembea sana hutumika 1.4, tukapata takriban 1,950. Kwa mwenye shughuli za kadiri hutumika 1.75, tukapata takriban 2,440. Namba aliyoishika kama dari ilikuwa, kwa kweli, sakafu.

Lipo kosa la upande wa pili, nalo nalikuta zaidi kwa vijana wenye saa za kuhesabu hatua. Wamekwisha kuzidisha kwa 1.75, kisha jioni wanajumlisha tena kalori za matembezi na kuzila. Mwendo mmoja umehesabiwa mara mbili.

Hata jumla hiyo ni makadirio. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, vilivyochukuliwa kwa kuwanywesha maji yenye haidrojeni na oksijeni za uzito usio wa kawaida. Wanaume walitembea takriban kilomita 11 kwa siku na wanawake karibu 6. Hata hivyo, baada ya kuzingatia ukubwa wa miili, jumla ya nishati yao haikutofautiana na ya wakazi wa nchi za Magharibi. Pontzer anaeleza kwamba mwili unaoshughulika sana hubana matumizi mahali pengine. Wataalamu bado wanajadiliana kuhusu ukubwa wa athari hiyo, lakini inatosha kutufanya tusimtuhumu mgonjwa kuwa ni mwongo pale uzito usiposhuka kama hesabu ilivyotabiri. Tumpime uzito kila wiki kwa mwezi mmoja, kisha turekebishe mpango.

Je, kula chini ya kalori za mapumziko ni sumu? Si lazima. Katika utafiti wa DiRECT nchini Uingereza, wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili wasiotumia insulini walipewa mlo maalumu wa kilokalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, na karibu nusu yao hawakuwa tena na kisukari baada ya mwaka mmoja. Lakini dawa zao za sukari zilisitishwa siku ya kwanza, na walifuatiliwa kwa karibu. Mama yetu alipunguza chakula bila dawa kuguswa. Anayetumia glibenklamidi, dawa za jamii yake au insulini asibadili mlo kwa kiasi kikubwa kabla ya kuonana na daktari wake. Na mhudumu anayetoa kikaratasi cha mizani aulize kwanza mgonjwa anameza nini.

Tulimpunguzia dozi na kumpangia takriban kilokalori 1,500. Kanuni ile, hata hivyo, isitumiwe kwa watoto wala wajawazito, wala kwa mwenye homa, ambaye umetaboli wake hupanda kwa takriban asilimia 10 kwa kila nyuzi moja ya joto.