Ndege wa Vuli pale Rumangabo: Wahamaji au Wahamiaji?

Mwanafunzi anayefasiri maandishi ya Ulaya kuhusu ndege wadogo waimbao hukwama mapema, penye jina la majira. Kamusi humpa "vuli" kwa kipindi ambacho miti ya kaskazini hupukutisha majani, ilhali vuli ya mwambao ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Kule ni wakati wa ndege kuondoka. Huku, wa kuwasili.

Rumangabo, yapata kilomita 45 kaskazini ya Goma, ndipo penye makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Msitu wake haupukutishi majani kwa pamoja. Mtazamaji hutambua majira kwa kuinua macho vileleni, asubuhi, mvua ikishakatika. Miongoni mwa chiriku na chozi, walio wenyeji, huonekana kidege wa kijani iliyofifia, mwenye umanjano kidogo kifuani, asiyetulia, akidonoa wadudu majanini. Wataalamu humwita Phylloscopus trochilus. Uzito wake haufiki sana gramu 10, naye amevuka Sahara akitoka Ulaya au Siberia, akiruka zaidi usiku. Hubadili manyoya yake yote mara mbili kwa mwaka, kule anakozaliana na huku Afrika, jambo lililo nadra mno kwa ndege. Ifikapo Machi, kabla ya kurudi, huweza kusikika akiimba.

Je, tumwiteje? Vitabu husema "mhamaji". Lakini kitenzi hama hudai kuyaacha makao, na kidege huyu hayaachi, bali huyarejea kila mwaka. Tukiongeza kiambishi cha kutendea tunapata hamia, na mhamiaji ni aliyeingia mahali ili akae. Hamahama nayo ina ule urudiaji tunaoutafuta, ila imekwisha kuchukuliwa na wafugaji, ambao hufuata malisho popote yalipo.

Mjadala huu si wa kamusi tu. Wakaazi wa Rumangabo na vijiji jirani walikimbia mapigano mwaka 2008, wakakimbia tena 2012 na 2022. Hao hawakuhama wala hawakuhamahama: walikimbia, bila kujua siku ya kurudi. Mwandishi anayewaita "wahamaji", neno lile lile alilompa ndege, huficha kwamba kuna aliyewafukuza.

Kwa ndege, mimi naona istilahi ifaayo tunayo tangu zamani. Msimu, neno lenye asili ya Kiarabu, liliwahusu mabaharia waliofika mwambao kwa upepo wa kaskazi na kurejea kwao kwa kusi. Walitazamiwa, walipokewa, waliagwa. Hakuna aliyewadhania wamehama. Kidege wa Rumangabo naye hutoka kaskazini katika miezi inayokaribiana na ile ya majahazi, na huondoka Machi au Aprili. Ndiyo maana napendekeza "ndege wa msimu", na "mhamaji" abaki na mifugo yake.