Makatoni Chini ya Kitanda

Ndugu msomaji, kama unakaa Kamalondo na nyumbani kwenu kuna mwanafunzi wa mambo ya kompyuta na uchoraji, inama siku moja uangalie chini ya kitanda chake. Utakuta makatoni yaliyokatwa kwa wembe, nyaya za rangi rangi, betri za kompyuta zilizokufa, telefone tatu zisizo na kioo, na mota ndogo iliyotolewa ndani ya radio ya kaseti. Mama anasema panya watazaa mule. Baba anasema: "Minakulipia minervali ju ya kukusanya takataka?" Na mtoto anajibu pole pole: "Hapana baba, hii njo masomo yenyewe."

Mimi nilikuwa huyo baba. Nitaeleza mbele nilichofanya, na si jambo la kujisifu. Lakini kwanza nizungumze na wewe kijana mwenye makatoni, kwa maana siku zako nazijua. Nimezitazama miaka mitatu nikiwa nimekaa kwenye kiti changu pale lupangoni.

Unaamka saa nane za usiku. Si kwa sala wala kwa ugonjwa: umeme umerudi. Umeacha taa ikiwa imewashwa makusudi ili ikuamshe. Unafungua kompyuta ambayo betri yake ilikufa zamani, unaingia katika Blender, programu ile ya kutengeneza maumbo na filamu ambayo hailipishwi hata franka moja, nawe unaanza kutoa kazi uliyopewa shuleni: filamu ya sekunde 10. Watu wanadhani sekunde 10 ni kitu kidogo. Hesabu pamoja nami. Kila sekunde ina picha 24, basi picha 240. Mashine yako ya zamani inatumia dakika 2 kwa kila picha. Ni dakika 480, maana yake saa 8 kamili. Na wewe unajua kwamba umeme hautakaa saa 8.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Lubumbashi anajifunza ujanja ambao wenzake wa nchi za ng'ambo hawauhitaji sana. Haiambii mashine itoe filamu nzima kwa mara moja. Anaiambia itoe picha moja moja, kila picha faili yake. Umeme ukikatika saa mbili za asubuhi, picha 180 zimekwisha kulala salama. Usiku unaofuata anaendelea na ya 181. Aliyetaka filamu nzima kwa mara moja anaanza tena sifuri, na machozi juu.

Halafu unavaa shati safi na kwenda mjini kwa miguu, flashi imening'inia shingoni kama rozari. Pengine unasoma ESIS, Shule Kuu ya Informatika Salama, kwa Wasalesiani wa Don Bosco waliofika mji huu mwaka wa 1911, mahali wanapofundisha pia dizaini na multimedia. Pengine uko Beaux-Arts, shule iliyotokana na ile akademia aliyoianzisha Laurent Moonens mwaka wa 1951. Pengine uko politekniki, kwenye iniversite. Kila mahali wanafunzi wanafanana: watatu juu ya mashine moja, mmoja anashika panya, wawili wanamwambia amekosea. Mchana ni mkate na karanga. Jioni unarudi Kamalondo, na ikiwa ni siku ambayo Mazembe inacheza nyumbani, usijidanganye kwamba utasoma. Tangu uwanja ule ulipofunguliwa mwaka wa 2011, siku ya mechi komini yote iko kiwanjani, hata waliobaki nyumbani.

Jioni ndipo kazi za pembeni zinaanza. Kwaya inataka tangazo la tamasha lake, na kila mwimbaji anataka uso wake uwe mbele. Binti wa jirani anataka kadi za arusi. Hizo ni kazi za furaha, na malipo yake yanachelewa kama furaha yenyewe. "Sisi ni ndugu, tutaonana tu." Kijana, omba nusu mbele. Hata fundi wa kushona anaomba nusu mbele, na hakuna anayemwita mwenye tamaa.

Kazi ngumu kuliko zote ni picha ya marehemu. Watu wanakuja usiku na kadi ya uchaguzi, picha ndogo kama kucha ya kidole, uso umefifia, mhuri umepita juu ya shavu. Wanataka picha kubwa ya kuweka mbele ya sanduku kesho saa nne. Unaipiga picha ile kadi, unaikuza, unafuta mhuri kidogo kidogo, unatengeneza jicho la kushoto kwa kuangalia la kulia. Familia inasema: "Umuvalishe na koti." Hapo, mwanangu, simama kwanza umwulize mjane. Nimeona mama mmoja akikataa kulia mbele ya picha ya mume wake kwa sababu ya tai nyekundu ambayo mume hakuwa nayo maisha yake yote. "Huyu hapana wangu," alisema. Programu ya kukata picha na kuweka tabaka moja juu ya jingine inafundishwa darasani kwa wiki chache. Lakini kujua ni nini usichopaswa kubandika juu ya mtu, hilo linajifunzwa usiku kama huo.

Na kazi hiyo hiyo ya kukata mtu hapa na kumweka pale imekwisha kufanya jambo kubwa katika mji wetu. Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa Lubumbashi mwaka wa 1978 na kusoma hapa hapa kwenye iniversite, alianza kwa kuchora katuni. Baadaye akachukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi, zile nyeusi na nyeupe za wakati wa wakoloni, akawakata na kuwasimamisha katika picha mpya za rangi alizopiga mwenyewe kwenye viwanda vya Gécamines vilivyokufa. Babu zetu wamesimama kwa mstari, na nyuma yao mabati yenye kutu na madirisha bila vioo. Kazi hiyo aliiita "Mémoire", mwaka wa 2006, nayo ilimfikisha kwenye majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani. Mwaka wa 2008 yeye na wenzake walianzisha hapa mjini makutano ya picha yanayorudi kila baada ya miaka miwili, kwa jina ambalo mtoto yeyote wa hapa analielewa: Picha.

Wazazi wenzangu, mnakumbuka kwa nini picha zile zilituuma. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka wa 1990, mambo ya nchi yakaharibika, na miaka michache baadaye hata tani 50,000 zilikuwa ngumu kufikia. Mwaka wa 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa feza kidogo waondoke kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Tangu hapo tunawaambia watoto, "Soma upate kazi," lakini ile kazi tunayoifikiria vichwani, yenye kambi, unga wa mwezi na hospitali, ni kazi tuliyoiona kwa baba zetu. Mtoto anatuangalia tu. Yeye hajaiona.

Mwingine ninayetaka umjue ni Jean Katambayi Mukendi, mtu wa Lubumbashi aliyezaliwa mwaka wa 1974 na kujifunza umeme. Yeye anatengeneza mashine za makatoni. Ndiyo, makatoni! Karatasi, nyaya, betri, vipande vya vyombo vilivyokufa, vyote vimepimwa kwa hesabu kali. Anachora pia taa za umeme kwenye karatasi, taa ambazo hakuna duka linaloziuza, anaziita Afrolampe. Mwaka wa 2019 yeye, Baloji na wenzao walionyesha gari ya Tesla iliyosukwa kwa nyaya za shaba, namna ile ile watoto wetu wanavyosuka motokari za nyaya na kuzisukuma barabarani, lakini hii ukubwa wake ni wa gari yenyewe. Gari inayotembea kwa kobalti na shaba ya kwetu, ikarudishwa kuwa mchezo wa mtoto wa kwetu.

Kwa nini fundi umeme wa Lubumbashi akae anachora taa? Mimi nadhani ni kwa sababu ya giza. Tulijengewa mabwawa ya Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke, halafu waya wa karibu kilometa 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi, uliomalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukipita juu ya vijiji vingi bila kuwaachia hata taa moja. Na bado leo jioni mama anapika bukari kwa tochi ya telefone.

Sasa turudi chini ya kitanda, kwenye zile betri za kompyuta. Ukiifungua moja utakuta ndani yake mara nyingi betri ndogo 6 za mviringo, upana milimita 18, urefu milimita 65. Kompyuta ikisema betri imekufa, mara nyingi ni mbili tu zilizokufa na nne bado ziko nzima. Na kumbuka kilichomo: litiumu, na mara nyingi kobalti, ambayo karibu robo tatu ya ile inayochimbwa duniani inatoka nchini mwetu, hasa upande wa Kolwezi. Iliondoka ikiwa udongo ndani ya gunia, ikazunguka Asia, ikarudi Kamalondo ndani ya mashine ya mitumba.

Ukipima betri moja nzima utaona volti 3.7 hivi. Ikijaa ni 4.2, na usiipitishe hapo. Ikisoma chini ya 2, iache, usijaribu kuifufua. Iliyobaki na nguvu ya miliampe-saa 2,000, ukiifungia taa tano ndogo nyeupe zinazokula pamoja miliampe 100, kila moja na rezistansi yake, inawaka saa 20. Hizo ni jioni tano za watoto kusoma. Lakini sikia vizuri: usiichaji bila kile kibao kidogo cha kuilinda, usiitoboe, usiitupe motoni, na usilale ikiwa inachaji. Moto wake hauna mzaha.

Hilo la motoni nalijua vizuri, na sasa nieleze.

Ilikuwa mwezi wa saba, asubuhi ya baridi, siku ya Mungu. Makala yalikuwa na unyevu, mbabula ilikataa kuwaka. Nikaingia chumbani mwa kijana, nikavuta makatoni chini ya kitanda, nikayakunja na kuyachoma. Harufu ya plastiki ndiyo iliyomwamsha. Alikuja akasimama mlangoni. Namshukuru Mungu kwamba betri alikuwa amezitoa na kuziweka katika kopo. Ile niliyochoma ilikuwa njia moja ya Kamalondo, nyumba 12 za katoni, kila moja na taa yake, na kibao cha katikati cha kugawa umeme kwa zamu ili nyumba zote zipate kidogo badala ya nyingine kupata zote. Alipaswa kuionyesha mbele ya walimu siku ya pili yake. Miezi minne ya kazi.

Hakuniambia neno. Mama yake ndiye aliyesema, naye alisema kwa wawili.

Walimu walimpeleka sesioni ya pili. Likizo yote alijenga upya, na mimi niliona haya hata kupita karibu. Jioni moja nikaona kitu. Mimi nilikuwa fundi umeme wa kiwanda miaka 19, macho yangu hayajasahau. Alikuwa amezifunga taa tatu kwa mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine, kwa betri moja, na hazikuwaka. Nikasema, "Mwana, hapa volti haitatosha. Kila moja uipe njia yake." Akaniangalia muda mrefu. Halafu akasogea, akanipa koleo.

Nyumba zilikuwa 8 tu mara hii. Alipita. Sasa yuko mwaka wa mwisho, na makatoni yako juu ya kabati, mahali mkono wangu haufiki bila kiti. Juzi umeme ulikatika saa moja jioni. Taa zake tano zikawaka mezani, wadogo zake wakafungua madaftari, na mama yake akaita kutoka nje:

"Hiyo taa muikate katikati! Na miye huku niko napika."

Kijana akainuka kwenda kutafuta katoni nyingine.