Neno Lisemwalo Kabla ya Kung'oa Nanga

Ndugu wapendwa, ninyi mkaao Bagamoyo, Kaole na Mlingotini mwajua kazi ya chombo. Ubao ukianza kuvuja chombo kikiwa pwani, fundi hutia kalafati, na baada ya siku chache safari huendelea. Ubao huo huo ukivuja kilindini, hakuna fundi. Ni kufua maji na kusali.

Tusome basi sura ya 27 ya Matendo ya Mitume kama habari ya watu walio kazini. Paulo, mfungwa apelekwaye Roma, yumo katika merikebu yenye shehena ya ngano na watu 276. Huko Krete, kabla ya kuondoka, asema wazi kwamba safari hiyo ni ya hatari. Akida Yulio awasadiki zaidi nahodha na mwenye merikebu. Tusiharakishe kumlaumu: hao walikuwa wajuzi wa bahari, naye Paulo alikuwa mfungwa. Hata makazini mwetu, mara nyingi neno hupimwa kwa cheo cha msemaji.

Baadaye, katika tufani, mabaharia washusha mashua usiku wakijifanya wanatia nanga, kumbe wataka kutoroka. Paulo hangoji kupambazuke. Amwambia akida papo hapo, na safari hii asikilizwa. Askari wakata kamba za mashua. Merikebu ilivunjika Malta, lakini wote 276 walifika nchi kavu salama.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imejaza kupita kiasi. Zaidi ya watu 200 walipoteza maisha. Wapo waliokwisha kuona bandarini kwamba meli imejaa mno, wakakataa kupanda. Hata hivyo iliondoka.

Dereva asikiaye breki zikilia, mtunza ghala aonaye hesabu haikubali, na aseme leo, kwa mwenye mamlaka, bila kutia chumvi. Nanyi wakubwa, mkimkaripia aliyeleta habari mbaya, ya pili hataileta. Kijana wetu amefundishwa kutombishia mkubwa, nayo ni adabu njema. Lakini kusema kwamba maji yanaingia si kubisha.

Nanyi makatekista, paa la kigango likianza kuvuja, msingoje kikao cha halmashauri. Tumeni mtu parokiani siku hiyo hiyo.