Mioyo Yetu Iko Wapi Wakati wa Misa?



Katika Misa Takatifu, mwanzoni mwa Sala ya Ekaristi, padre hutualika tuinue mioyo. Nasi hujibu kwa sauti kubwa kwamba tumeiinua kwa Bwana. Leo tujiulize: je, jibu hilo ni la kweli? Maana mwili waweza kusimama na kupiga magoti kwa wakati wake, hali moyo uko sokoni, au shambani, au kwenye kesi ya mpaka na jirani.

Zamani Misa ilisomwa kwa Kilatini, na waamini wengi walisali rozari zao huku padre akiendelea altareni. Tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya Liturujia. Mababa wa Mtaguso walitaka waamini washiriki kwa ufahamu na kwa matendo, wapate na matunda, wala wasikae kama wageni. Wakawakumbusha wachungaji kwamba kushika sheria za ibada peke yake hakutoshi. Ndiyo sababu twasali kwa Kiswahili na kwa lugha zetu nyingine. Lakini lugha ni mlango tu. Kuingia ni juu yetu. Mtu aweza kuimba vizuri na kupiga makofi, na bado akawa mtazamaji.

Basi tushiriki namna gani? Tazameni wakati wa kutayarisha vipaji. Padre hutia maji kidogo katika divai, na maji yale hayatengwi nayo tena. Ndivyo Kristu anavyotuunganisha na sadaka yake. Basi tia humo kazi yako ya juma zima, karo ya shule inayokusumbua, mgonjwa uliyemwacha nyumbani. Mambo hayo yasikutoe katika Misa. Yatoe yawe sadaka yako.

Liko jambo jingine, nalo ni gumu. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, Yesu anatufundisha kwamba tukikumbuka altareni kuwa ndugu ana neno juu yetu, tuiache sadaka, tukapatane naye kwanza. Angalieni: hasemi sisi tukiwa na neno juu yake, bali yeye akiwa na neno juu yetu. Majirani wawili waweza kupokea Komunyo katika mstari mmoja, kisha nje wasiamkiane. Kila mmoja amejibu "Amina" mbele ya Mwili wa Kristu. Lakini mwenzake naye ni kiungo cha mwili huo. Atampokeaje Kristu na kukikataa kiungo chake?

Jumapili hii, kabla ya kutoka nyumbani, chagua jambo moja utakalomtolea Mungu na mtu mmoja utakayekwenda kumwamkia. Neno "Misa" lenyewe limetoka katika maneno ya Kilatini ya kuwaaga na kuwatuma waamini. Hivyo Misa yetu isiishie mlangoni pa kanisa. Ifike hata mlangoni pa jirani.

Mungu awabariki nyote.